Siku Niliyopeleka Boga Kliniki

Mwaka 1979 nilibeba boga mgongoni kilomita sita nikidhani ni mwanangu.

Msicheke kwanza. Haya, chekeni tu, hata mimi nimeshacheka sana.

Mwanangu Dona alikuwa na miezi miwili. Mtoto kanona, mashallah wangesema majirani. Mimi sasa! Silali, sili, nalia bila sababu. Nikimwangalia mtoto naona kama wa jirani.

Mume wangu Maduhu akakata shauri: "Huyu karogwa. Jumapili namrudisha kwao Kishapu. Mtoto anabaki."

Nilisikia. Hata kubishana sikuwa na nguvu.

Alhamisi ikawa kliniki. Mama mkwe akamfunga mtoto mgongoni kwangu kama kawaida, maana kufunga mbeleko kulikuwa kunanishinda. Nikashika njia ya zahanati.

Zamu yangu ikafika. Nesi Euphrasia akafungua mbeleko.

"Mama Dona, hiki nini?"

Boga! Limevalishwa na kofia ya sufu!

Weee! Wamama walianguka chini. Mmoja akapiga kelele, "Lipime, dada, tujue kilo!" Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha kicheko kikageuka kilio, kikagoma kuisha.

Nesi akaacha kucheka. "Mtoto yuko wapi?"

"Sijui."

Akafunga mlango, akaketi nami mkekani. "Tangu lini hulali?"

Jamani, miezi miwili na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwaga yote.

"Hujarogwa," akasema. "Ni ugonjwa unaowapata wanawake wakijifungua, na unapona."

Jioni ile ile akanipakia kwenye baiskeli yake hadi kwetu. Dona tulimkuta amelala zake kwa wifi yangu Generoza, kashiba. Nesi akamgeukia Maduhu: "Baba Dona, ukimrudisha mgonjwa wangu kwao, haki ya Mungu nitakuning'iniza wewe kwenye mzani!"

Maduhu mwili jumba, akabaki "Ndiyo sista, ndiyo sista."

Kuanzia hapo, kila Alhamisi Nesi alianza na mimi, mtoto baadaye. Tunaongea, ananipa dawa, anamwagiza Maduhu aniache nilale. Dona alipofikisha miezi minne, siku moja alipiga chafya, nikajikuta nambusu pua. Nilimpenda ghafla, nikakimbia uani kupiga vigelegele peke yangu kama chizi.

Siku moja tunamenya karanga, mama mkwe akasema taratibu, "Ng'wanawane, mwanangu, lile boga nililifunga mimi."

"Mama!"

"Nilimwambia Nesi mara mbili kwamba mkwe wangu anaumwa. Akatazama kadi, akaniambia mtoto anaongezeka, hakuna shida. Nikaona huyu mpaka aone kwa macho."

"Na kama ningegundua njiani?"

"Ningejua u mzima. Tungelipika."

Ndugu zangu, mzani wa kliniki unapima mtoto tu. Mkishamaliza kumpima, muulizeni na mama yake: usiku umelala?