Shada la Anghelina Juu ya Paa

Wanaosema Anghelina alibahatisha waje waniambie mimi, maana nilikuwa nimesimama pale pale uani kwao, na macho yangu bado mazima.

Ua la shada lake linaitwa sânziene, kitu kidogo hivi cha kudharauliwa. Shina jembamba halifiki goti, vijani kama sindano vimelizunguka kwa mafungu, na kileleni vimaua vya manjano vya petali nne nne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Ukipita mbio huvioni. Ukisimama, harufu ya asali inakukamata. Vikichanua mwishoni mwa Juni, wanawake wasioolewa hapa milimani kwetu husuka mashada, wakayarusha juu ya paa siku ya sikukuu ya maua hayo. Likikaa, utaolewa. Likianguka, subiri mwakani.

Ya Anghelina yalikuwa yakianguka tangu usichana wake. Amepita arobaini, vidole vimekakamaa kwa kukamua ng'ombe wa kaka yake, Toader. Ndipo Pintea, fundi mapipa aliyefiwa na mkewe, akamtaka, naye akampenda hasa. Lakini mama yao, Saveta, akakaza uzi: "Shada lisipokaa, mwanangu, sitoi baraka." Na bila baraka ya mama Anghelina haendi popote, namjua.

Toader akaanza kuwaza nani atamkamulia. Mkesha wa sikukuu, alfajiri, akachukua fyekeo akalifyeka konde lote yanakoota maua hayo. Jamani! Hapa kwetu hakuna anayegusa nyasi kabla ya siku hiyo. Eti alihofia mvua, na mbingu nyeupe pepepe!

"Pole, dada," akamcheka. "Maua yamekwisha. Mpaka mwakani."

"Yamekwisha wapi, kaka? Si hayo umeyalaza chini?"

Akapiga magoti kwenye nyasi zilizokatwa, akachambua mchana kutwa, shina moja moja. Jua lilikuwa limeyalegeza kabisa. Alipomaliza kusuka, shada lilining'inia mkononi kama tambara lililolowa, na Toader alicheka akajishika mbavu. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliguna.

Kesho yake Anghelina akalirusha. Sasa, shada bichi lina ushupavu: likigonga mbao za paa linaruka, linabingirika, hilo chini. Hili lilitua pwata! Likajilaza juu ya mbao, likanata. Upepo ukavuma. Halikutikisika.

"Limekaa!" Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mama Saveta alilia, akajifuta kwa aproni. "Nenda, mwanangu. Nenda na baraka zangu zote."

Anghelina akaenda zizini, akarudi na ndoo tupu, akamtia Toader mkononi.

"Ahsante kwa kunifyekea, kaka. Ng'ombe wako hawajakamuliwa."