Deni Nililoliacha Tabora

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile ambayo shangazi yangu Wakesho alinikuta nimeikalia barua. Nikisema nimeikalia, maana yangu ni hiyo hiyo. Nilisikia hatua zake mlangoni, nikaiweka barua kwenye kigoda, nikaketi juu yake kama kuku anayeatamia. Nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita, niliyesoma, niliyefanya kazi ya ukarani katika nchi ya watu, na hapo namficha karatasi mwanamke mzee asiyejua kusoma.

"Inuka," akaniambia.

Nikainuka.

"Haya, nisomee."

Lakini ngoja kwanza nikueleze barua ile ilitoka wapi, la sivyo hutaelewa kwa nini niliificha.

Mimi nilizaliwa huku juu milimani, upande wa Wundanyi, na nilipomaliza shule niliteremka Voi kutafuta kazi ya reli. Miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru, reli ilikuwa moja kwa nchi zetu tatu. Kijana angeandikwa kazi Voi, na kabla hajazoea joto la pale akajikuta amepelekwa Uganda au Tanzania. Mimi nilipelekwa Tabora, kuwa karani wa mizigo. Sikumjua mtu hata mmoja. Wa kwanza kunikaribisha alikuwa karani mwenzangu, Maganga, Mnyamwezi wa hapo hapo, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Mkewe aliitwa Nyamizi, na yeye hakuwa mpole wala sauti yake haikuwa ya chini. Kila Jumapili nilikula kwao. Nyamizi aliniita shemeji, akakicheka Kiswahili changu cha milimani, akanifundisha kula mlenda, ile mboga yao ya kuteleza, mpaka nikaupenda.

Mwaka wangu wa pili ugonjwa ukanijia. Sikiliza hapa vizuri, mwanangu, maana haukuja kama ugonjwa. Ulikuja kama furaha. Sikupata usingizi na sikuutaka. Njaa sikuisikia. Nilifanya kazi ya watu watatu, kisha nikaenda kuwafundisha wakubwa jinsi ya kuendesha stesheni yao. Jioni nilipita duka la Bwana Nassor na kuchukua redio kwa mkopo. Siku iliyofuata nikachukua baiskeli. Halafu vitambaa vya suti, vya baba yangu na vya wajomba zangu wote. Halafu nikaagiza mabati ya kuezeka kanisa la kijijini kwetu. Kanisa zima! Wala hakuna mzee wa kanisa aliyenituma. Bwana Nassor alitaka mdhamini, na Maganga akatia sahihi, kwa sababu aliniamini, na pia kwa sababu sikumwambia hata nusu ya niliyoyaagiza. Nikaalika stesheni nzima ije kula pilau kwangu. Watu walikula wakanisifu, na mimi nikawa nalia, nikiwaambia kwamba nawapenda wote.

Kisha asubuhi moja yote yakaisha. Niliamka sina nguvu ya kuvaa hata viatu. Nikalala hapo siku baada ya siku nikitazama ukuta. Barua za dukani zikawa zinapenyezwa chini ya mlango, nami nazisukuma chini ya godoro bila kuzifungua, kwa sababu kila bahasha niliiona kama hukumu. Mwishowe nikaanza kusikia watu wakinisema hata chumba kikiwa kitupu. Maganga ndiye aliyevunja kitasa. Nyamizi ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko, huku akinigombeza ili nimeze. Wakanipeleka hospitali, na kutoka hapo nikasafirishwa hadi hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali kidogo na mji ule. Nilikaa miezi mingi. Nilipopata nafuu niliachishwa kazi kwa sababu ya afya, nikapewa tikiti ya kurudi kwetu.

Sikupita Tabora kuaga. Treni ya kwenda huko ilikuwepo. Sikuipanda.

Nyumbani watu waliambiwa kwamba nilipatwa na malaria kali. Nililima kabichi na maharagwe, nikameza vidonge vyangu nyuma ya nyumba ambako hakuna wa kuniona, na polepole nikarudi kuwa mtu. Mwaka mzima sikulitaja jina la Tabora. Nilijiambia kwamba aliyekopa si mimi, ni ugonjwa. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinidanganya vizuri sana.

Basi, barua ile ilikuwa ya Maganga. Nikamsomea shangazi. Maganga aliuliza hali yangu. Akasema Nyamizi amejifungua mtoto wa kike. Akasema mvua kwao ni haba. Akasema treni ya kutoka pwani ikiingia, huwa anatazama wanaoshuka. Akamaliza kwa kuniombea afya. Kuhusu deni hakuandika hata neno moja.

"Huyu ni mtu mzuri," shangazi akasema. "Kwa nini unamkalia?"

Nikamweleza yote. Yeye alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, wala hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Na yule mwenye duka," akauliza, "tangu uondoke anamdai nani?"

Nikaanza kuikunja barua.

"Nakuuliza, Mwakio. Wewe uko hapa unalima kabichi. Huko anadaiwa nani?"

"Maganga," nikasema. Mwaka mzima nilikuwa sijawahi kulikiri hilo, hata peke yangu shambani.

Shangazi akauweka ungo chini. "Mume wangu aliugua kama wewe. Ulijua?"

Sikujua. Tangu utotoni niliambiwa kwamba alikufa kwa ugonjwa wa kifua.

"Tulimficha," akasema. "Watu wakiniuliza, nasema amesafiri. Alikaa chumba cha nyuma miaka minne, akafia humo, na hakuna aliyewahi kumpeleka hata kwa daktari mmoja. Niliona haya. Mimi ndiye niliyeona haya, si yeye. Sasa siwezi kukaa hapa nikutazame wewe ukijifungia mwenyewe." Akapangusa mikono kwenye leso. "Kuugua hakukuwa kosa lako. Lakini huu mwaka wa kunyamaza ni wako, Mwakio. Huo usiusingizie ugonjwa."

Nikamwambia nitaandika barua. Akasema niandike, tena leo, na baada ya barua niende mwenyewe.

"Naogopa, shangazi. Nikiiona ile stesheni ninaweza kurudiwa."

Hakunicheka. Aliuchukua tena ungo, akachambua maharagwe machache, kisha akasema, "Basi tutaenda wawili."

Mwanangu, mwanamke yule alikuwa amekata mkonge Mwatate ujana wake wote, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Voi. Aliuza mbuzi wake, akajaza kikapu ndizi na miwa, tukapanda treni ya Taveta na kuvuka mpaka hadi Moshi, na kutoka huko tukabadilisha treni mpaka sijui mara ngapi. Kila asubuhi na kila jioni alinipa kidonge na maji mbele ya abiria wote, akasema, "Kunywa nikuone." Mama mmoja tuliyekaa naye akamwuliza kijana wako anaumwa nini.

"Akili," shangazi akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema jino. "Lakini anaendelea vizuri."

Nilitamani kuruka dirishani. Yule mama akatazama huku na huku, akasogea karibu, akanong'ona, "Kaka yangu pia." Kutoka hapo mpaka aliposhuka aliniuliza maswali: dawa yenyewe inaitwaje, inapatikana wapi, inaleta usingizi? Nikamjibu yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuzungumza ugonjwa wangu na mtu asiye daktari, na nilipomaliza nikagundua kwamba nina njaa, nikala ndizi nne.

Tabora tuliingia mchana, kabla ya barua niliyoitanguliza kufika. Stesheni ilikuwa ni stesheni tu. Shangazi alinishika mkono hata hivyo, mpaka tukatoka nje.

Nyamizi alikuwa uani kwake anaanika nguo, mtoto mgongoni. Aliponiona hakunisalimu. Alimletea shangazi kiti, akampa maji, akamwamkia kwa heshima zote. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, nilikulisha kwa mkono wangu," akasema. "Nilikufulia nguo. Ulipopelekwa hospitali nililia kama nimefiwa na ndugu. Halafu ukatoka, ukapona, ukaenda kwenu, na hata salamu hukuleta. Mume wangu anakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili yako, na majirani wananiambia yule Mkenya wenu amewatapeli. Ningewajibu nini? Sikujua kama uko hai."

"Nisamehe, shemeji."

"Pesa tungevumilia," akasema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Si tulijua unaumwa? Ungetuambia huna, tungejua huna. Lakini kukaa kimya hivyo! Mwaka mzima!"

Nilisimama pale kwenye jua mpaka aliponiambia nikae. Akapakua ugali, akanitengea mlenda pembeni. Maganga aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umenenepa," akasema kwa ile sauti yake ya chini, akaketi karibu nami.

Kesho yake tukaenda wote dukani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini mbele ya Bwana Nassor yakanipotea, nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyekopa, kwamba nilikuwa mgonjwa wa akili, kwamba nilikimbia, na kwamba nimekuja kulipa kidogo kidogo kwa sababu sina zote. Bwana Nassor alinisikiliza. Kisha akatupeleka ghalani nyuma ya duka. Mabati yangu ya kanisa yalikuwa pale pale, hayajafunguliwa kamba.

"Haya sikuyahesabu kwenye deni lako," akasema. "Ulikuja hapa asubuhi unacheka na kulia kwa pamoja. Nikasema moyoni, huyu kijana si mzima, mabati hayatoki." Akayapapasa mabati. "Ningekataa na redio pia, kama ningekuwa mtu mwema zaidi. Lakini nilitaka biashara."

Redio na baiskeli Maganga alikuwa ameshazirudisha, zikauzwa kwa hasara. Vitambaa vilikuwa vimekatwa, na mchele wa pilau, nao niliukopa pale pale, ulishaliwa na stesheni nzima. Hivyo ndivyo vilivyomfanya rafiki yangu akatwe mshahara. Tukaandikiana mbele ya shangazi: kuanzia siku hiyo Maganga asikatwe tena, kilichobaki dukani ni changu, na alichokwisha kulipa nitamrudishia kila mwezi kwa posta. Shangazi hakujua kusoma, lakini aliishika ile karatasi na kuitazama muda mrefu kabla ya kuruhusu nitie sahihi. Akaniuliza, "Umelala vizuri jana?" Nikasema ndiyo. "Basi andika jina lako."

Nililipa misimu mitatu ya kabichi. Iko miezi niliyoshindwa. Miezi hiyo nilituma barua mahali pa pesa, nikasema mwezi huu sina, na Maganga akanijibu kwamba amesikia. Siku nilipotuma ya mwisho niliteremka Mwatate, nikanunua nusu kilo ya nyama, nikampelekea shangazi.

Ugonjwa ulirudi mara mbili baada ya hapo. Sitakuficha. Lakini haukunikuta peke yangu. Mke wangu nilimwambia kabla hajakubali kuolewa, na yeye ndiye anayeshika pesa za nyumba hii mpaka leo. Wenye maduka wa Mwatate wanajua kwamba Mwakio hapewi kitu kwa mkopo mpaka mkewe aseme. Wako wanaocheka. Mimi mwenyewe hucheka nao, kisha narudi nyumbani kwangu, nakula, nalala usingizi wangu wote. Nimeishi vizuri, mwanangu. Sikutegemea kusema hivyo wakati nilipokuwa natazama ukuta kule Tabora.

Kwa hiyo wewe, uliyeurithi ugonjwa huu na sasa unajiandaa kwenda nchi za watu, chukua haya kwangu. Ukifika, tafuta mtu mmoja wa kuaminika, umwambie jinsi akili yako inavyoanza kuchoka, na umwambie ukiwa bado mzima, kwa sababu ukishaugua hutaweza kueleza. Kama hujalala siku mbili, usitie sahihi kitu chochote, hata kama moyo unakuambia kwamba wewe ni tajiri. Meza dawa zako bila kujificha. Barua ya deni ikija, ifungue, na kama huwezi kuifungua peke yako, mpelekee mwenzako muifungue pamoja. Ukiwa huna cha kulipa, nenda useme huna, kwa mdomo wako, mapema. Na kama kuna mtu aliyekudhamini, huyo ndiye wa kwanza kumfikiria ukiamka, kwa maana wewe ukinyamaza yeye ndiye anayeulizwa. Ikiwa umekwisha kukimbia kama mimi, rudi. Watakugombeza. Kaa chini wakugombeze mpaka wamalize.

Mungu akulinde huko ugenini, mwanangu. Akutunzie akili yako na jina lako, akukutanishe na watu wa heri, na kila unapolala akupe usingizi wa kweli. Uende salama, ufanye kazi yako, na siku ya kurudi utukute sote tuko, tukikungoja kwa furaha.