Tangazo la Rubani Nililolifupisha

Ndege nimepanda safari moja tu, nilipompeleka mke wangu Dar es Salaam kutibiwa macho, na mpaka leo ndege ikipita juu ya kwetu Kharumwa watu wanaangalia juu, mimi naangalia chini.

Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akikutazama anaona kama kivuli cha mtu, uso hauoni. Binti yetu anayeishi huko Dar ndiye aliyekata tiketi, akasema mama hawezi basi la kutwa nzima. Mwenyewe alikuwa anaogopa kweli. Halafu Kiswahili chake ni cha salamu na cha gulioni, nyumbani kwetu tunasema Kisukuma. Akakubali kwa sharti moja: kila kitakachosemwa humo ndani, nimwambie. "Sioni," alisema, "basi angalau nisikie." Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Mimi nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kuchunga, lakini Kiswahili nakiweza.

Basi pale Mwanza tukaingia, tukakaa. Yeye dirishani, sijui dirisha lilikuwa la kazi gani kwake, mimi katikati, na mkono wangu wa kulia kijana mmoja wa mgodini, bado na buti zake. Mara sauti ya rubani ikatokea juu ya vichwa. Kiingereza kikaenda, kikaenda, Wazungu wawili waliokuwa mbele yetu wakacheka. Halafu Kiswahili: karibuni sana, safari ni ya saa moja na kitu, fungeni mikanda, asanteni. Kwisha.

Hapa itabidi nitoke njiani kidogo. Zamani kampuni moja ilipokuja upande wetu kutafuta dhahabu, tulikuwa tunaitwa mikutanoni. Bwana mkubwa anasema Kiingereza mpaka jasho linamtoka, mkalimani anageuka: "Anasema amefurahi kuwaona." Tunapiga makofi. Baadaye mtu anakwenda shambani anakuta nguzo ya zege katikati ya mihogo. Kumbe ndani ya yale marefu mlikuwemo mashamba yetu! Tangu hapo tukajifunza kupima maneno. Kiingereza kikiwa kirefu na Kiswahili kifupi, mtu anasimama anauliza kilichobaki. Mara nyingi aliyesimama ni mimi. Watu walikuwa wananigusa kwa kiwiko: simama mzee, uliza.

Kwa hiyo ndani ya ndege mkono ulipanda wenyewe.

Dada mhudumu akaja. "Babu, nikuletee maji?"

"Sitaki maji. Nataka yaliyobaki."

"Yaliyobaki yapi, babu?"

"Aliyowaambia hawa wa mbele, sisi hatukuambiwa."

Kijana wa mgodini akacheka. "Mzee, umekuja kuitisha mkutano wa kijiji humu?"

Mke wangu akanivuta shati. "Kuna nini?" Nikamwambia wanatuficha maneno. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana alianza kuhangaika na mkanda wake. "Kama wanaficha, mimi nashuka. Nirudishe nyumbani nikafe na macho yangu haya." Mlango ulikuwa bado wazi, mizigo inapakiwa. Na akishuka, najua, hapandi tena, na macho ndiyo basi.

Kumbe yule dada alikwenda kumwambia rubani. Akatoka mwenyewe, kijana mdogo, akachuchumaa pale kwenye njia ya katikati.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, umesema kweli. Kwa Kiingereza nimewaambia wageni waangalie ziwa tukiruka. Halafu nimesema huko mbele kuna mawingu, ndege itatikisika, siyo hatari. Hilo kwa Kiswahili sikulisema. Niliona nikitaja mikanda inatosha."

Akarudi kwake, akalitangaza upya kwa Kiswahili, lote. Watu wakapiga makofi. Kijana wa mgodini akanipa mkono: "Mzee, umetutetea!" Nami nikavimba, siwafichi.

Mke wangu akauliza, "Amesemaje?"

Nikamtazama. Vidole vimeng'ang'ania kile chuma cha mkanda. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Anatusalimu. Anasema njia ni nzuri."

"Na yale marefu?"

"Ni ziwa. Alikuwa anawasifia Wazungu ziwa."

"Basi?"

"Basi."

Akatulia. Mlango ukafungwa, tukaruka, na mimi nikajiona mtu mwenye akili.

Mawingu yalipotushika, ndege ilishuka kama kitu kimeachiwa. Mke wangu akanikamata goti. "Tunaanguka! Na wewe umenyamaza!"

"Hatuanguki. Ni mawingu. Rubani alisema."

"Alisema lini?"

Akaliachia goti langu, akapitisha mkono mbele ya kifua changu akampapasa yule kijana, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha gulioni: "Mjukuu, yeye nasema nini?"

Kijana, kumbe ni Msukuma wa Ngokolo, akamjibu kwa Kisukuma safi: "Bibi, alisema mapema kwamba tutatikisika. Ni mawingu tu, yataisha." Mke wangu akashusha pumzi, akaegemea kiti. Ndege inaruka ruka na yeye ametulia! Neno nililomnyima ndilo lililokuwa dawa. Mkono wa kijana hakuuachia mpaka tulipotua, na ulikuwa umelala juu ya tumbo langu muda wote huo, nami sina pa kuweka macho.

Hospitali tulikaa watatu mbele ya daktari, mimi, mke wangu na binti. Daktari akaanza kueleza kwa Kiswahili. Nikafungua mdomo nifasiri. Mke wangu akaniwekea kiganja mkononi, taratibu tu, akasema, "Wewe pumzika," akamgeukia binti: "Nieleze."

Binti akamweleza lote, na lile la kwamba jicho la kushoto huenda lisirudi. Mke wangu akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Nimesikia. Anitibu."

Mama na binti wakanyanyuka, wakashikana mikono, wakaingia ndani. Nilibaki kwenye kiti. Neno lile la jicho la kushoto, kabla daktari hajafunga mdomo, mimi kichwani nilikuwa nimeshalikata lisimfikie.