Siku Mama Alipopima Presha ya Oili

Baba alipoumia goti aliifungia pikipiki yake kwenye stoo ya kahawa, nyumbani kwetu Akheri, akatangaza kwamba imekufa. Haikuwa imekufa. Alichoogopa ni mama kuiendesha, maana mama, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, alishaanza kujifunza kimyakimya kwa pikipiki ya kukodi kule Tengeru.

Jumamosi moja baba akaenda mazoezi ya kwaya. Hata hajamaliza kuipita migomba iliyo mbele ya nyumba, mama alishanikabidhi spana. Tukaisukuma pikipiki mpaka uani, tukamwaga oili ya zamani, nyeusi kama masizi, tukatia mpya.

"Usiwashe kiholela," mama akaniambia. "Ikilala sana, oili yote inashuka chini. Tunalegeza hii boliti ya juu ya injini, kidogo tu. Ukiwasha, oili ikichuruzika hapo, ujue presha ipo. Isipotoka, zima haraka, itasagika."

"Nani kakufundisha?"

"Baba yako. Unadhani nani alikuwa anamshikia tochi?"

Nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Injini ikakohoa, ikanguruma. Tukainama kuangalia. Pakavu.

"Zima."

Akailegeza tena, safari hii bila ubahili. Nikawasha. Boliti ikachomoka, oili ikaruka nyuma yake, ikapita juu ya kichwa changu na kutua kwenye kamba ya nguo, kifuani mwa shati jeupe la kwaya ambalo baba angevaa kesho yake.

Nikazima. Mama akalitazama shati.

"Presha ipo," akasema.

Baba alitukuta tumepiga magoti kwenye majani, tunatafuta boliti. Nikamwamkia kwa adabu iliyozidi kipimo. "Marahaba," akajibu, akalishika shati, akalinusa, kisha akaenda kuchungulia injini. Tukasubiri maneno.

"Mmelegeza mno," akasema. "Robo mzunguko inatosha."

Boliti ilipopatikana, aliikaza mwenyewe. Mama hakungoja ruhusa. Akajifunga kitenge vizuri juu ya suruali yangu ya zamani aliyokuwa ameivaa, akapanda, akawasha.

"Twende Kikwe tukamsalimie dada yako," akamwambia baba.

Baba akaangalia kwa majirani kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Akapanda nyuma taratibu, goti bovu likiwa limenyooka kama mwiko, akamshika mama kiunoni. Walipoipita migomba sikuwaona tena, ila sauti ya baba niliisikia mpaka barabarani: "Gia, mama. Gia."