Vyura Wawili wa Kichaka cha Baba

Sikumwamini yule mtaalamu tangu alipovua viatu vyake vizuri na kuingia kwenye tope letu bila kuombwa. Miaka ile ya soko huria, kila mgeni aliyefika ufukweni mwa ziwa alikuwa na lake: huyu anatafuta pa kujenga kiwanda cha minofu ya sangara, yule anauliza eneo ni la nani. Shamba letu, mbele kidogo ya Kirumba, lilikuwa na mpunga, migomba na kichaka cha miti juu ya chemchemi. Baba hakuwa na jingine.

"Shikamoo, mzee. Natafuta vyura wa mitini."

"Marahaba. Wa kufanyia nini?"

Mtaalamu, kijana wa Kagera, akafunua kiganja. Alikuwemo chura mdogo wa kijani, amelala. Huyu mwenye vidole vya njano, alisema, yuko kila mahali, mpungani, migombani, hata mitaroni, wala hayumo hatarini. Ila ana ndugu yake, wanafanana kama pacha, mwenye mapaja mekundu kwa ndani na sauti ya taratibu zaidi. Yule hukaa kwenye miti yenye kivuli juu ya maji tu. Miti hiyo ilikuwa inakwisha ufukweni, na yeye anakwisha nayo. Alidhani amemsikia kichakani kwetu.

"Wiki ijayo nitarudi. Nikimpata, nitapendekeza hapa pahifadhiwe."

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Shangazi yangu alikuwa amefukuzwa porini pamoja na ng'ombe wake, pori lilipofanywa hifadhi, akaenda kuanza upya upande wa Bujora. Kesho yake baba alichukua panga akakifyeka kichaka chote. Mimi nilibeba matawi, na nilifurahi kweli, nikijiona tumemzidi akili.

Mtaalamu aliporudi alisimama juani, pale palipokuwa na kivuli. Akamkamata chura mmoja, akamgeuza. Vidole vya njano.

"Ni yule wa kila mahali," alisema, akaandika. Uso wake ulikuwa na huzuni. Niliishuku hata hiyo huzuni.

Mvua za vuli hazijaanza, watu wa kiwanda wakaja kupigilia vigingi shambani. Baba akaenda ofisini, Nyamagana, kupinga. Ofisa akamjibu kwamba pangekuwa na kitu cha kuhifadhi, kiwanda kingepelekwa kwingine, lakini mtaalamu alikuta vyura wa kawaida tu. Baba alirudi nyumbani akakaa bila kuvua kofia. Nilimwonea uchungu, na nilijionea hasira.

Tukahamia kwa shangazi. Huko nako kuna vyura, kwenye migomba nyuma ya jiko, na jioni mvua ikikatika huanza kulia. Miaka mingi baba aliniuliza swali lile lile.

"Huyo ni yupi?"

"Wa njano, baba," nilijibu bila kuinuka.

Hakuniamini. Alivaa ndala zake akaenda kumgeuza mwenyewe.