Nyimbo za Cherehani ya Pili

Jumamosi nilikuwa mtaa wa Lipangalala nikisubiri suruali yangu ipunguzwe kwa mafundi wawili wanawake. Mkubwa, Mpogoro wa makamo, alikuwa amefungulia kwaya redioni. Mdogo, binti wa Kisukuma, alishona kimya.

"Hivi wewe hupendi muziki?" mkubwa akamuuliza.

"Napenda, mama. Ila nyimbo zangu ni za Kisukuma. Niliona zitakukera."

"Miezi minane yote hii tunashona pamoja?" Mama akanyoosha mkono, akazima redio. "Haya, weka."

Binti aliweka simu mezani. Wimbo ulipoanza, mguu wake ulikanyaga cherehani taratibu, ukiufuata.

"Anaimba nini huyu?"

"Anamsifu mama yake kwa kulima." Akageuza kitambaa. "Marehemu mama yangu alikuwa akiuimba shambani."

Wimbo ulipokwisha, yule mkubwa akasema, "Urudie."

Ofisini kwetu kila mtu ana spika zake za masikioni, na tunajiona tunaheshimiana. Jumatatu nilimgusa bega jirani yangu wa meza kwa miaka minne, nikamuuliza anasikiliza nini. Alinitazama kama niliyemkosea, kisha akachomoa spika moja, akaifuta kwenye shati, akanipa.