Siku Nyakerario Alipoushuka Mto Kuja

Nyakerario ni fundi cherehani sokoni Uriri. Anashona sare za shule, mapazia, na nguo za kwaya ya kanisa lake la Wasabato. Alizaliwa juu kwenye vilima vya Kisii, karibu na mto Gucha, na alipoolewa huku Migori alishangaa kukuta mto uleule watu wakiuita Kuja. Ameuvuka darajani mara nyingi akienda na kurudi. Mahali unapomwaga maji yake ziwani hakuwahi kupaona.

Msimu wa mvua uliopita, fundi wa mashua aitwaye Clifford alimletea gora zima la kitambaa cha marekani na kumwomba amshonee tanga. Mashua alikuwa ameiundia kando ya mto huko Nyatike, karibu na mbao zake, na aliyeiagiza alikuwa mtu wa Mbita, kaunti ya Homa Bay. Lori lisingepita kwenye matope yale. Lakini mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo angeishusha kwa maji hadi ziwani.

"Nitakushonea," Nyakerario alisema, "lakini siku ya kuondoka na mimi nimo."

Clifford alicheka. Alipoona mama wa watu hacheki, akamuuliza:

"Mama Valentine, unajua kuogelea?"

"Sijui. Mashua yako inajua kuelea?"

Binti yake, Valentine, alilalamika wiki nzima. Mama wa umri wako, mtoni, kuna viboko! Nyakerario alimsikiliza huku akipiga mishono miwili miwili kila mahali ili tanga lisiachie. Jumapili alfajiri alikuwa ukingoni mwa mto, amevaa jaketi la kuokolea lililombana kifuani, mkononi ameshika chupa ya chai.

Walikuwa watatu tu: yeye, Clifford, na Jared, mdogo wake Clifford, ambaye ni mvuvi. Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka bara kuelekea ziwani. Jared alivuta kamba, tanga likapanda mlingotini likipigapiga, kisha likajaa ghafla likatulia. Nyakerario alihisi mashua ikijivuta chini yake kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini.

"Yawa! Limeshika!" Jared akapiga kelele.

Nyakerario alilitazama tanga lile, kitambaa alichokishona magotini kikiwa kimejaa veranda nzima, sasa likiwa juu limevimba na jua likipita ndani yake. Alishindwa kabisa kufunga mdomo.

Mto ulikwenda ukipinda. Penye kona walishusha tanga wakasukuma kwa upondo, penye maji yaliyonyooka wakalipandisha tena. Mashamba ya mahindi yalipita, wanawake waliokuwa wakifua wakasimama na kuwapungia nguo zenye povu. Kona moja walikuta viboko, vichwa vimejipanga katikati ya maji. Clifford alishika mafunjo ya ukingoni na wote wakakaa kimya. Nyakerario aliikumbatia chupa yake ya chai. Wale wanyama walipumua, wakazama, wakaibukia mbali upande wa pili, na mashua ikapita taratibu bila mtu hata kukohoa. Walipokwisha kupita, wote watatu waliangua kicheko kwa pamoja.

"Kuna wengine mbele?" Nyakerario aliuliza.

"Unaogopa?" Clifford akamtania.

"Nauliza tu kama wapo."

Kisha mafunjo yakaachana, na mbele hapakuwa na ukingo tena. Ni maji matupu mpaka yakutane na mbingu. Lakini mlangoni mwa mto palikuwa na fungu la mchanga, na mashua ikakwama. Clifford na Jared wakaruka majini kusukuma. Maji yaliwafika kiunoni.

"Mama, shika kamba hii ya tanga!" Clifford alisema. "Ikivuta sana, iachie tu."

Wakasukuma. Mashua ikakwaruza mchanga, ikateleza, ikaelea. Wakati huohuo upepo ukaja wa nguvu, tanga likajaa, na mashua ikachomoka na Nyakerario peke yake ndani!

Nyuma yake alisikia sauti: "Achia! Mama, achia kamba!"

Alisikia vizuri sana. Kamba ilimvuta mikono, maji yakamrukia usoni, mashua ikainama kidogo ikakimbia kama iliyokuwa ikisubiri siku hiyo. Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya ule woga palikuwa na furaha kubwa, na alianza kupiga vigelegele, yeye fundi wa sare wa Uriri, peke yake juu ya ziwa. Alipotosheka, au karibu kutosheka, akafungua vidole. Tanga likalegea likapigapiga, na mashua ikapoa ikasimama.

Clifford na Jared waliifikia wakiogelea, wakapanda huku wakihema.

"Hukunisikia?" Clifford aliuliza.

"Nilikusikia."

"Sasa mbona hukuachia?"

"Nilitaka kidogo tu, baba."

Jared alicheka mpaka akajilaza sakafuni mwa mashua. Clifford alijaribu kununa akashindwa, na badala yake akamwonyesha namna ya kushika usukani na kufuata ufuo. Nyakerario ndiye aliyeishika mashua sehemu kubwa ya njia mpaka Sori, ambako wafanyabiashara wa samaki walikuja majini kuwapokea na kuuliza yule mama ni nani.

Mpango ulikuwa ashuke hapo, apande gari arudi nyumbani, na mashua iendelee na ndugu wawili kesho yake. Nyakerario alikula samaki mzima wa aina ya ngege kwa ugali, akalamba vidole, kisha akampigia simu binti yake.

"Valentine, nimefika salama. Kesho fungua kazi wewe, wateja wa sare wataanza kuja mapema."

"Kwani wewe uko wapi? Gari limeharibika?"

"Niko Sori," alisema, akiitazama mashua ikicheza majini. "Naenda Mbita."